Fimbo Chini, Ulimi Kazini

"Watoto wangu watatu hawajui fimbo ina ladha gani. Nimewalea kwa ulimi tu, na hakuna hata mmoja amenipotea."

Istahil alisema hivyo kwa kipaza sauti, Siku ya Familia, kwenye kiwanja cha Bula Pesa, mjini Isiolo, mbele ya chifu, maimamu wawili, pasta mmoja na akina mama waliokuwa wameahidiwa soda. Spika ilikuwa ya kukodi, ya aina ile inayopiga mluzi kila mtu akikaribia jambo la maana, na ilipiga mluzi pale pale kwa "amenipotea". Watu wakacheka, wakapiga makofi. Chifu alipiga kuliko wote, na sisi majirani zake tunajua nyumbani kwake kuna mpira wa maji ambao haujawahi kunyunyizia mboga.

Mstari wa mbele kulikuwa na mtu mmoja ambaye mikono yake haikutoka ndani ya shuka. Huyo ni Ako Sabdio, mwenyekiti wa akina mama wa maziwa ya ngamia. Ako ni bibi kwa Kiborana. Ukimwita nyanya kwa Kiswahili anakuuliza kama umemwona kwa sufuria. Alitema tumbaku pembeni, akauliza kwa sauti ya kawaida, na sijui ilikuwaje kila mtu akamsikia:

"Ulimi upi? Ule wa kubariki ama ule mwingine?"

Istahil alicheka, akajibu kwamba ulimi ni mmoja tu, Ako, Mungu hakutupa wa akiba. Makofi tena. Soda zikaja. Swali likabaki limesimama pale kiwanjani, hakuna aliyelikaribisha kiti.

Kumjua Istahil si kazi, atajieleza kabla hujauliza. Babu wa babu yake, Msomali, aliletwa na Waingereza akiwa askari. Vita vikaisha, bunduki ikarudishwa, yeye akabaki, na tangu hapo ukoo mzima ni wa kuuza vitu na kubeba vitu. Mumewe, Mohamednoor, anaendesha lori la ng'ombe kutoka Moyale kwenda Nairobi, na akipita nyumbani na harufu ya ng'ombe, mbu wenyewe wanatafuta mlango. Watoto wao ni Duale, Hoda na Nurto. Istahil mwenyewe alilelewa na shangazi aliyeamini kamba, ile ya kufungia mizigo, na ana kovu kwenye kiwiko ambalo huwaonyesha watu kama hati ya shamba. Aliapa mapema sana kwamba mtoto wake hatakuwa na hati kama hiyo.

Kwa hivyo shirika moja kutoka Nairobi lilipofungua ofisi ya vyumba viwili mjini, likitafuta mama wa hapa wa kuendesha vikundi vya wazazi, Istahil hakuomba kazi. Alienda kuichukua. Shirika linafundisha kitu ambacho jina lake la Kizungu ni zuri, na Kiswahili chake wakakiita malezi ya fahamu. Kwetu fahamu ni kile kitu mtu hupoteza jua likimpiga kichwani, kwa hivyo wiki za kwanza akina mama walidhani wanafundishwa kumwamsha mtoto aliyezimia. Mama mmoja alikuja na kitunguu. Jina likashika: Istahil akawa Mama Fahamu.

Tumcheke, lakini tumpe haki yake. Kuna baba mmoja wa mtaani ambaye watoto wake walikuwa wakisikia mlango wanatawanyika kama kuku. Leo anakula nao sinia moja, ingawa bado anaonekana kama mtu anayengoja kupigwa picha. Kuna msichana alikuwa amehamia barazani kwa jirani, akarudi kwao. Istahil alikuwa anaingia nyumba za watu bila kubisha, anakaa jikoni, anachambua mchele wa mwenyewe huku akiongea, na akitoka mchele ni safi na mume amekubali kuja kikaoni.

Alikuwa na somo moja alilolipenda kuliko yote. Usimwambie mtoto wako neno ambalo moyo wako haumo. Mtoto ana pua ya fisi, alikuwa akisema, ananusa uongo kutoka ng'ambo ya mto. Kama umekasirika, sema umekasirika. Kama hujasamehe, usiseme umesamehe. Ngoja mpaka iwe kweli, ndiyo useme.

Halafu alikuwa na ile kauli yake. Aliitunga mwenyewe, mchana mmoja, akinywa chai ya maziwa ofisini, na Kagure, msimamizi wake, binti mpole kutoka Kiambu, akaipenda mpaka akaichapisha kwenye bango la manjano na fulana hamsini: *Fimbo chini, ulimi kazini.* Ina vina. Hata watoto waliiimba wakiruka kamba.

Sasa kuna jambo moja hapa, na mtu wa Kiambu hawezi kulaumiwa kwa kutolijua. Kwetu hakuna anayelaaniwa kwa Kiswahili. Kiswahili ni cha ofisi, cha sokoni, cha polisi barabarani. Mwambie mtoto "potelea mbali" kwa Kiswahili, atakuuliza mbali wapi, na jioni yuko hapo anangoja chakula. Lakini mama akigeukia lugha ya tumbo lake, hata mbuzi wanaacha kutafuna. Mborana anaiita abarsa. Msomali anaiita habaar. Watu ambao hawajawahi kukubaliana nani alifika kwanza kisimani wamekubaliana karibu herufi kwa herufi juu ya neno hilo. Mtoto wa hapa anapokea fimbo kama mvua, inampiga, inapita, anakauka. Laana ya mama anaiogopa akiwa na ndevu.

Istahil alijua haya yote. Alinyonya nayo. Lakini kauli aliitunga kwa Kiswahili, akaifikiria kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili ulimi ni nyama ya kuongelea tu. Wanawake wa maziwa waliisoma kwenye bango, wakaitafsiri njiani wakienda nyumbani, na kila mmoja akafika kwake na kauli nyingine kabisa.

Mwanafunzi bora wa Istahil alikuwa Tari, muuza maziwa, mjane, mwenyeji wa Biliqo aliyehamia mjini ukame ulipomaliza mifugo yake. Alibakiwa na mtoto mmoja, Jattani, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye maneno mengi, na ngamia jike mmoja aliyekuwa kwa jamaa huko Sericho. Ngamia yule alikuwa wa mwisho wa uzao alioachiwa na baba yake. Alikuwa na mimba. Tari akiwa na siku mbaya alikuwa anamtaja yule ngamia jinsi wengine wanavyotaja mtoto aliye chuoni.

Tari alikuwa na fimbo, na Jattani aliijua vizuri. Siku alipoileta kikaoni akaiweka miguuni pa Istahil, wanawake walilia. Ilikuwa nyeusi, imelainika upande wa kushikia. Kagure alimpiga picha Tari akiwa ameikanyaga, na picha hiyo ikaenda mbali kuliko Tari atakavyowahi kwenda.

Miezi michache baadaye Jattani alitumwa Sericho kumwangalia ngamia. Aliondoka amening'inia juu ya lori. Alirudi amekaa juu ya pikipiki nyekundu, mpya, viti bado vina nailoni. Mama yake alikuwa anaosha mitungi ya maziwa uani. Aliitazama pikipiki, akamtazama kijana, akauliza ngamia yuko wapi. Jattani, kwa vile hajui kunyamaza, akapapasa tangi na kumjibu mama yake, "Si ndiye huyu, Ayo. Huyu hahitaji hata malisho."

Majirani walijua kinachofuata. Wengine walishatoka mlangoni ili waone vizuri. Lakini Tari hakupiga kelele. Alikausha mikono. Hakukuwa na fimbo ya kuchukua, ilishapigwa picha. Kwa hivyo akafanya kama alivyofundishwa.

Yaliyotokea uani tuliyajua Jumatano, kwa mdomo wake mwenyewe. Kikao kilikuwa katika darasa la chekechea, akina mama wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika masikioni. Kagure alikuwa amekuja na wageni wawili wa shirika waliotaka kusikia ushuhuda. Tari alisimama bila kuitwa. Alisema anao. Alizungumza Kiborana, na Istahil akawatafsiria wageni kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi.

Tari alisema mwanawe alikuwa amemfanyia jambo ambalo zamani angemvunja mkono kwalo. Alisema alikumbuka hatua za mafunzo. Alivuta pumzi, akaiachia. Istahil akatafsiri, Kagure akatikisa kichwa kwa furaha. Tari alisema alimkalisha kijana juu ya mtungi, naye akakaa mbele yake, ili macho yawe sawa. Istahil akatafsiri. Alisema hakumtusi, alimwita kwa jina lake, polepole. Istahil akatafsiri. Alisema alimwambia anavyojisikia, kwamba ameumia mahali ambapo hakujua bado pana nyama. Hapo sauti ya Istahil ilikuwa imeanza kupungua, kwa sababu hatua iliyobaki ni ya kumwambia mtoto unachotaka, na yeye alikuwa anaangalia mikono ya Tari. Tari alikuwa ameushusha ushungi mpaka mabegani, na viganja vyake vilitazama chini. Hivyo ndivyo mwanamke wa kwao anavyokaa akisema neno lisilorudi.

"Jattani wangu," Tari alisema, kwa sauti ile ile ya upole, kama anasoma, "ninachotaka ni barabara ikumeze."

Mama mmoja alimtoa mtoto titini, akamfunika kichwa. Tari alikuwa bado amesimama, anatabasamu kidogo, anangoja asifiwe, kwa kuwa alikuwa amefuata kila kitu na hakugusa fimbo.

Kagure akauliza amesemaje mwishoni.

Istahil alilamba midomo. "Amemwambia ajihadhari na barabara," akasema.

Wageni wakapiga makofi.

Baada ya watu kutoka, Ako Sabdio alibaki amekaa kwenye kiti chake cha chekechea, mkubwa juu ya kitu kidogo, kama tingatinga juu ya baiskeli. Hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Basi umeona ni ulimi upi." Istahil akamwuliza neno hilo linaondolewaje, ingawa alijua. Ako akaeleza kama anaeleza namna ya kuosha mtungi. Aliyelisema ndiye wa kulitoa. Maziwa ya asubuhi ambayo hayajaona moto. Kijana apige magoti, mama ajaze kinywa, amnyunyizie kichwani na kifuani, amwombee njia nzuri. Na maneno yatoke tumboni. Mtu asije akajaza kinywa ilhali tumbo linakataa, maana hapo atakuwa amelisema mara ya pili.

"Na iwe mapema," Ako akaongeza. "Barabara ni jirani."

Kazi ya Istahil kuanzia siku hiyo ilikuwa moja tu, kumleta Jattani magotini kabla ya barabara kumsikia mama yake. Mengine yote alikuwa anayafanya kwa mkono wa kushoto.

Mambo mengine, ajabu, yalienda vizuri. Habari ya Tari ilizunguka mitaa yote kabla ya magharibi, na watoto wakabadilika. Mama alikuwa anahitaji tu kusema taratibu, "ulimi kazini", na jitu la futi sita linainuka kwenda kuchota maji. Vijana walianza kurudi nyumbani mapema. Hakuna aliyemjibu mzazi. Shirika lilituma mtu wa kupima matokeo, akazunguka na tabasamu, akaandika kwamba mabadiliko ya tabia ni makubwa kuliko kaunti zote. Sisi tuliosoma maendeleo ya jamii mpaka karo ikatukimbia tunajua hiyo inaitwa mafanikio. Ukiwatazama wale watoto machoni, utajua inaitwa nini hasa.

Hata kwake Istahil. Jioni moja alimfokea Hoda kwa kuacha jiko likiwaka. Alisema tu, "Wewe, ipo siku..." na Hoda akadondosha sufuria, akaziba masikio kwa mikono yote miwili. Msichana wa miaka kumi na minne ambaye hajawahi kupigwa. Istahil alisimama na sentensi mdomoni, akaimeza. Tangu hapo alianza kupunguza maneno nyumbani. Yule mwanamke ambaye redio ilikuwa inamwonea wivu.

Jattani yeye alikuwa anacheka. Akiwa kwenye steji ya bodaboda, alikoanza kazi na ile pikipiki, amevaa jaketi la kuakisi mwanga, alikuwa anawaambia wenzake barabara imekuwa ikimtafuna tu, haijameza, labda haina koo. Wiki ya kwanza lori lilimpita karibu na daraja likaondoka na kioo chake cha kulia. Wiki ya pili mama wa makaa, abiria wake, alishuka vibaya akavunjika kifundo. Mbuzi akaingia gurudumuni. Mambo ya kawaida, ambayo kila mwendesha boda huyapata. Ila sasa yalikuwa yanajumlishwa.

Wenye mitungi waliacha kumpa maziwa abebe. Abiria wakawa wanamsalimia kwa heshima, salaam aleikum, halafu wanapanda ya mwingine. Wenzake wakaacha kuegesha karibu naye. Halafu Mohamednoor akaja nyumbani na jambo ambalo alilisema akiwa ameangalia sahani. Alisema madereva wa malori ya ng'ombe wakimwona yule kijana kwenye kioo wanaenda pembeni, wanasimama, wanamwacha apite kwanza. Dereva wa lori la Moyale hampishi mtu. Hajawahi kumpisha hata waziri. Istahil alimwuliza kama naye husimama. Mohamednoor alisema chumvi imezidi.

Ilikuwa ni njaa iliyomleta Jattani, wala si hofu. Istahil alimfuata stejini mara nyingi mpaka wenzake wakaanza kumwita mpenzi wa kijana, na yeye akawajibu kwamba kwa umri wake anachukua kinachopatikana. Siku moja Jattani hakucheka. Alikuwa amekonda. Alimwambia, "Mama Duale, laana siiamini. Lakini tumbo tupu naliamini. Ayo akitaka kunitemea maziwa, anitemee, nirudi kazini."

Ikapangwa Ijumaa, baada ya swala.

Uani kwa Tari kulikuwa na watu wachache: Ako Sabdio, majirani wawili, Istahil, na sisi wa kuchungulia. Jua lilikuwa juu kabisa, kivuli cha mtu kimejificha chini ya viatu vyake. Maziwa yalikuwa ndani ya kibuyu kidogo, ya asubuhi, hayajaona moto. Jattani alikuja na pikipiki mpaka ndani ya ua, akaizima, akaisimamisha mahali ambapo mama yake angelazimika kuiona. Sidhani alikusudia. Nadhani alikuwa hajui mahali pengine pa kuiweka. Akapiga magoti. Akavua kofia. Bila kofia alionekana mtoto.

Tari alijaza kinywa. Akaweka mkono kichwani pa mwanawe. Tukasubiri ule mnyunyizo. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, macho yake yalikuwa juu ya kijana, halafu yakaenda juu ya lile tangi jekundu, yakabaki huko. Koo lake likapanda, likashuka.

Alikuwa ameyameza.

Jattani, kichwa chini, alikuwa bado anangoja. Istahil akasogea, akamnong'oneza Tari, na ua ule ulikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia kila neno. Alimwambia aseme tu. Aseme hata kama moyo bado, moyo utafuata baadaye. Aseme, jamani, ni maneno tu.

Tari alimgeukia. Hakuwa na hasira naye, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Ulinifundisha nisimdanganye," akasema.

Kisha akamwambia mwanawe, kwa sauti ya upole, macho yakiwa sawa: "Bado nimekasirika, Jattani. Ngoja iwe kweli."

Ako Sabdio alifunika kibuyu. Jattani aliinuka, akapangusa magoti, akatafuta mzaha usoni mwa kila mtu na hakuupata. Ndipo akavaa kofia. Pikipiki ilikubali kuwaka mara ya tatu, na sauti yake tuliisikia ikienda, ikienda, mpaka lami, na hata baada ya hapo tulikuwa bado tunaisikiliza.

Istahil alikwenda ofisini siku ya kazi iliyofuata, akapanda juu ya meza, akabandua lile bango la manjano. Kagure aliuliza kama wanatengeneza jipya. Istahil alisema ndiyo, akipata la kuandika. Fulana hazikurudishwa. Utaziona bado sokoni, zimefifia, "ulimi" imechunika kwa nyingine na imebaki "kazini" peke yake.

Jumatano iliyofuata alikuwa na kikundi cha wazazi Gotu. Kwenda huko unafuata lami mpaka Ngare Mara, halafu vumbi. Gari la shirika lilikuwepo, limeoshwa. Istahil alilipita. Akaenda stejini, akapita boda ya kwanza, ya pili, zote, mpaka mwisho kabisa ambapo Jattani alikuwa amekaa peke yake kama ana surua. Akafunga vizuri buibui lake, akapanda nyuma. Jattani akageuka akamwuliza kama anajua boda ni ya nani hiyo.

"Najua," akasema Istahil. "Mimi nina watoto watatu. Barabara ikitaka kumeza, ijue inameza na nini."

Habari ilifika kwenye kibanda cha maziwa kabla pikipiki haijageuza. Tari alikuja mbio, mikono yake ina povu, akasimama mbele ya gurudumu. Alimtazama Istahil, hakumtazama kijana.

"Shuka, Mama Duale."

"Mbariki."

"Shuka kwanza. Uko na watoto."

"Na huyu ni wa nani?"

Tari alifungua mdomo. Nilikuwa karibu, niliona ulimi wake ukigusa meno, na nikadhani basi, leo, hapa hapa stejini, bila maziwa, bila magoti. Upepo ulipita na karatasi za miraa. Lori la ng'ombe lililokuwa linashuka kutoka juu lilikaa pembeni, likasimama, likangoja.

"Bado," Tari akasema, na akaondoka njiani.

Tangu hapo kila Jumatano ni hivyo. Istahil hana tena hadithi za kujisifu. Kipaza sauti akipewa anampa mwingine. Kwake nyumbani hata salamu anaipima kabla ya kuitoa, na Hoda amemwuliza kama amemkosea. Mohamednoor amemkataza, kisha amemsihi, na sasa anabadilisha safari zake ili asiwe barabarani siku hiyo. Tari kila asubuhi anatenga kibuyu kimoja cha maziwa ambacho hakiendi Nairobi na vingine. Anakiweka kivulini. Alasiri yakiwa yamechacha anayamwaga, kesho anatenga mengine. Ukimpita anakwambia hasira imepungua, imefika hapa, na anaonyesha kifuani. Wiki iliyopita alionyesha hapo hapo.

Jattani yuko hai. Anaenda polepole siku hizi, mikono yote miwili kwenye usukani, wala haimbi. Hajapata abiria mwingine.

Boda kutoka Isiolo mjini hadi Gotu ni shilingi mia tano. Ya Jattani ni mia moja.